Kusanifu njia ya kidijitali ya kipokezi cha redio: kutoka ADC hadi sampuli za I na Q

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. NCO, yaani oseleta ya kidijitali, iwe na biti ngapi? Kwa nini CIC, kichujio cha kushusha kasi ya sampuli, inafurika? Mwiba ulio katikati ya spektra unatoka wapi? Na kwa nini kila kitu kinakubali kwenye Python halafu kinagoma kwenye FPGA, ile chipu unayoipanga mwenyewe? Badala ya kujibu moja moja, tutasanifu saketi moja mwanzo hadi mwisho, kwa namba unazoweza kuzikagua mwenyewe kwa kikokotoo.

Saketi yenyewe ni DDC, yaani ile sehemu ya chipu ya mawasiliano inayopokea sampuli za kasi kubwa kutoka ADC (kigeuzi cha analogi kwenda kidijitali), ikaishusha chaneli unayoitaka hadi sifuri hertzi, ikachuja vilivyobaki na kutoa I na Q, sehemu mbili za ishara zilizopishana kwa robo ya wimbi, kwa kasi ndogo. Utaikuta katika vipokezi vya aina nyingi mno, kuanzia simu hadi vituo vya mnara. Ukiweza kuisanifu hii, upande wa kurusha ni njia hiyo hiyo iliyogeuzwa.

Makosa mengi ya kazi hii hayatoki kwenye nadharia. Yanatoka kwenye biti ambazo hakuna aliyezihesabu, alama ya kutoa iliyosahaulika, na saa. Kwa hiyo hesabu ya biti inafanyika kwenye karatasi kabla hujaandika hata mstari mmoja wa Verilog, lugha ya kueleza maunzi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Python, NumPy na SciPy.
- Kiigizaji cha maunzi: Verilator au Icarus kwa Verilog, GHDL kwa VHDL. Vyote ni vya bure.
- Bodi ya FPGA yenye vizidishi angalau vitatu na kumbukumbu ya ndani ya kilobiti 64 au zaidi.
- ADC ya biti 14 inayoweza sampuli milioni 61.44 kwa sekunde, pamoja na oseleta safi ya kioo ya masafa hayo hayo.
- Jenereta ya mawimbi, kebo ya SMA, na atenueta ya dB 10 au 20. Usianze majaribio kwa antena. Antena inaleta mambo kumi kwa mpigo nawe bado hujajua moja.
- Uelewa wa namba hasi kwa komplementi ya mbili. Kama hapo bado pana ukungu, simama usome kwanza, maana hatua ya 4 haitakuingia.

Vipimo vya mfano wetu

Kasi ya ADC ni 61.44 MHz. Ishara iko kwenye 15 MHz, na chaneli ina upana wa kHz 200, yaani kHz 100 kila upande. Chaneli ya jirani inaanza kuwa kero kHz 140 kutoka katikati, na tunataka kuizuia kwa dB 80. Kasi ya kutoka ni kHz 480. Kwa hiyo tunagawanya kasi kwa 128: CIC itagawanya kwa 64, kisha FIR, kichujio cha vigawo, kwa 2.

Hatua ya 1: Kagua ramani ya masafa

Kila ADC hutengeneza mawimbi zidishi ya ishara inayoingia, na yakivuka nusu ya kasi ya sampuli (hapa 30.72 MHz) yanajikunja kurudi chini. Yapige hesabu yote hadi la tano. La pili la 15 MHz liko 30 MHz. La tatu, 45 MHz, linajikunja hadi 16.44. La nne, 60 MHz, linaangukia 1.44. La tano, 75 MHz, linaangukia 13.56. Hakuna hata moja linaloingia kwenye chaneli yetu, kwa hiyo 15 MHz ni chaguo zuri.

Linganisha na 15.36 MHz, ambayo ni robo kamili ya kasi ya sampuli. Wengi huipenda kwa sababu kosaini yake ni 1, 0, −1, 0 na kizidishi hakihitajiki kabisa. Ni kweli inaokoa eneo la chipu. Lakini wimbi lake la tatu, 46.08 MHz, linajikunja na kukaa juu ya 15.36 yenyewe, na la tano vivyo hivyo, na hakuna kichujio cha kidijitali kitakachokutoa hapo. Ichague tu kama unajua uchafu wa ADC yako uko chini vya kutosha.

Kabla ya ADC weka kichujio cha analogi kinachopitisha eneo la 15 MHz. Bila hicho, kitu chochote kilichoko 46.44 MHz au 76.44 MHz kitatua juu ya ishara yako, na kikishatua hakitenganishiki tena.

Hatua ya 2: Saa

Mtikisiko wa saa ya ADC unaweka dari ya uwiano wa ishara na kelele, na hesabu yake ni −20·log10(2π·f·t). Kwa 15 MHz na mtikisiko wa pikosekunde 1 unapata dB 80.5. Ukifika pikosekunde 10 unabaki na dB 60.5, na ADC yako ya biti 14 imegeuka ya biti 10 hivi.

Ndiyo maana saa ya ADC inatoka moja kwa moja kwenye oseleta ya kioo na haipitii PLL (kitengeneza saa) ya ndani ya FPGA. FPGA ndiyo inayopokea saa kutoka ADC. Kosa hili hufanywa sana kwa sababu bodi huwa na pini ya saa iliyo tayari na inavutia kuitumia.

Ndani ya FPGA tumia saa moja tu, 61.44 MHz, kwa DDC nzima. Sehemu zinazokwenda polepole zipe ishara ya ruhusa inayowaka mara moja kila mizunguko 64 au 128. Usitengeneze saa mpya kwa kugawanya kwa flip-flopu, kwani utapata njia zenye ucheleweshaji usiotabirika na makosa yanayotokea siku bodi ikipata joto. Kwenye chipu ya kudumu, kazi hiyo hiyo hufanywa na seli maalumu za kuzima saa ili kuokoa umeme.

Hatua ya 3: NCO

NCO ni kikusanya awamu cha biti 32 kinachoongezwa neno la masafa kila saa inapopiga, kisha jedwali la saini. Neno la masafa ni (15 ÷ 61.44) × 2^32, sawa na 1,048,576,000 bila hata salio. Hatua ndogo kabisa ni 61.44 MHz ÷ 2^32, karibu hertzi 0.0143.

1. Chukua biti 14 za juu za kikusanyi. Kila biti ya awamu inakupa takriban dB 6 dhidi ya miiba, kwa hiyo biti 14 ni kama dB 84. Biti 12 zingekupa dB 72 tu, na hazitoshi hapa.
2. Hifadhi robo ya wimbi tu. Biti 2 za juu zinasema uko robo gani, 12 zilizobaki ni anwani ya jedwali lenye nafasi 4,096.
3. Jaza nafasi ya k kwa 32767 × sin((π/2) × (k + 0.5) ÷ 4096), ukikadiria kwa namba kamili iliyo karibu. Ile 0.5 usiiache. Ndiyo inayofanya robo ya pili ipatikane kwa kugeuza biti za anwani tu, bila kujumlisha moja na bila nafasi ya ziada ya kilele.
4. Robo ya tatu na ya nne, geuza alama ya matokeo.
5. Kwa kosaini, ongeza 1 kwenye zile biti 2 za robo na usome jedwali hilo hilo kupitia mlango wa pili wa kumbukumbu.

Thamani zote ni chanya na zinaingia kwenye biti 15, kwa hiyo jedwali zima ni biti 61,440.

Hapa pana mtego. Neno letu la 15 MHz lina sifuri 23 upande wa chini. Tunapokata biti 18 za chini hatukati chochote, na NCO inaonekana safi kabisa kwenye majaribio. Mtumiaji akihama hertzi 100 tu, miiba inatokea. Kwa hiyo pima pia kwa 15.0001 MHz, neno 1,048,582,991, ambalo ni witiri na linatikisa biti zote. Saketi iliyopimwa kwa 15 MHz peke yake haijapimwa.

Ukitaka miiba hiyo iyeyuke iwe kelele tambarare, jumlisha namba ya bahati nasibu ya biti 18 kwenye awamu kabla ya kukata. Rejista ya kuhama ya biti 31 yenye mirejesho 31 na 28 inafaa. Isogeze hatua 18 kila saa inapopiga, la sivyo namba zinazofuatana zinafanana na faida inapungua.

Hatua ya 4: Kuzidisha na kukata biti

I = x × kosaini. Q = −x × saini. Ile alama ya kutoa inaishusha 15 MHz hadi sifuri. Ukiisahau, spektra inakuja kichwa chini miguu juu.

Sasa hesabu biti. x iko kati ya −8192 na 8191, na jedwali kati ya −32767 na 32767. Zao kubwa kabisa ni chini ya 2^28, kwa hiyo biti 29 zinatosha. Kama jedwali lako lingekuwa na −32768, zao la hasi kwa hasi lingefika 2^28 kamili na kufurika kwa thamani moja tu. Kosa la aina hiyo hutokea mara moja kwa siku na kumaliza wiki ya mtu.

Tupa biti 11 za chini, ubaki na 18. Usikate hivi hivi. Kukata huvuta kila thamani chini kwa wastani wa nusu ya biti ya mwisho, na mvuto huo ni thamani isiyobadilika (DC) inayokaa sifuri hertzi, katikati ya chaneli yako. Kadiria kwa namba iliyo karibu, na ikitokea nusu kamili nenda kwenye shufwa.

Baada ya hatua hii ishara inashuka dB 6. Si hitilafu: nusu ya kimo cha wimbi imekwenda kwenye −30 MHz, na CIC itaiua. Ofseti ya ADC nayo imehamia −15 MHz na itakufa njiani. Likumbuke hilo wakati wa kutafuta hitilafu.

Hatua ya 5: CIC

Muundo huu ulitangazwa na Eugene Hogenauer mwaka 1981 na bado ndio nafuu kuliko yote kwa kushusha kasi kubwa, kwa kuwa hauna kizidishi. Una vilimbikizi vitano vinavyokwenda kwa 61.44 MHz, kisha unabakiza sampuli moja kati ya 64, kisha vitofautishi vitano vinavyokwenda kwa kHz 960.

Kwa nini vitano? Hatari ni vitu vilivyoko kHz 860, kwani ndivyo vitakavyojikunja hadi ukingo wa chaneli. Hatua moja inavizuia kwa dB 18.84, hatua tano kwa dB 94.2. Nne zingetoa dB 75, chini ya lengo letu la 80.

Ukuzaji ni 64^5, yaani 2^30. Kwa hiyo biti zinazohitajika ni 18 + 30 = 48. Refusha alama ya ingizo hadi biti 48 na utumie upana huo kila mahali.

Vilimbikizi *vitafurika*. Viache. Hesabu ya komplementi ya mbili inazunguka, na vitofautishi vinarudisha jibu sahihi mradi upana ni 48 au zaidi. Kosa kubwa kuliko yote katika CIC ni mtu kuona kilimbikizi kinafurika kwenye kiigizaji, akaogopa, akaweka kibano cha kukizuia kwenye kikomo. Hapo saketi imekufa. Kibano kinaua ule mzunguko ambao vitofautishi vinautegemea.

1. Weka rejista kati ya kila kilimbikizi na kinachofuata. Inaongeza ucheleweshaji tu, haibadilishi mwitikio wa kichujio, na inafanya kijumlishi cha biti 48 kitoshee ndani ya nanosekunde 16.3 bila shida.
2. Weka rejista zote kwenye sifuri wakati wa kuwasha. Kwenye maunzi thamani chafu za mwanzo hutoweka baada ya sampuli chache, lakini kwenye kiigizaji cha Verilog thamani X ikishaingia kwenye kilimbikizi haitoki milele.
3. Vitofautishi vina mizunguko 64 ya saa kwa kila sampuli. Kitoaji kimoja cha biti 48 kinaweza kufanya kazi zote kumi za I na Q kwa zamu. Kwenye FPGA si lazima, kwenye chipu ni eneo la bure.
4. Mwishoni tupa biti 28 za chini kwa kukadiria na ubakize 20.

Kwa nini 20 na siyo 16? ADC nyingi za biti 14 hutoa karibu dB 73 katika upana wote wa 30.72 MHz. Ukibaki na kHz 200 unapata nyongeza ya 10·log10(30.72 ÷ 0.2), karibu dB 21.9. Chaneli yako sasa ina takriban dB 95. Ukirudi biti 16 mahali hapa, ambapo ishara nayo iko nusu ya kipimo, unatupa sehemu ya kile ulichokifanyia kazi yote hii. Ile biti moja ya juu inayoonekana kukaa bure iache ikae. Mawimbi yaliyogonga dari ya ADC hupita nusu ya kipimo kidogo.

Kuna njia ya kupunguza biti hatua kwa hatua ndani ya CIC, naye Hogenauer ndiye aliyeionyesha. Inaokoa umeme kweli kwenye chipu. Lakini anza na upana kamili, uthibitishe, kisha punguza ukilinganisha na toleo kamili.

Hatua ya 6: FIR ya kusawazisha na kuchagua

CIC inalegeza kingo za chaneli: kwenye kHz 100 imeshapungua dB 0.78. FIR itaurudisha mteremko huo na papo hapo kuzuia jirani.

Hesabu ya haraka ya urefu ni dB zinazotakiwa zikigawanywa kwa 22 mara upana wa mpito juu ya kasi ya ingizo. Hapa ni 80 ÷ (22 × 40/960), karibu 87. Kwa kuwa tunasawazisha pia, anza na vigawo 111. Idadi iwe witiri, kwa sababu firls, kitendakazi cha SciPy cha kusanifu FIR, haikubali shufwa.

Mpe firls ukanda wa kupitisha uliokatwa vipande vya kHz 20, na kwenye kingo za vipande thamani hizi:

- kHz 0: 1.0000
- kHz 20: 1.0036
- kHz 40: 1.0144
- kHz 60: 1.0327
- kHz 80: 1.0589
- kHz 100: 1.0937

Kuanzia kHz 140 hadi 480 weka sifuri. Kasi ya sampuli unayompa ni kHz 960, kasi ya *kuingia*. Wengi hutaja 480 na kupata kichujio chenye upana mara mbili. Kisha chora mwitikio. Kama ukingo wa kHz 140 haujafika dB 80, ongeza uzito wa ukanda wa kuzuia. Ikishindikana nenda vigawo 119.

Vigawo viwe vya biti 18, vikizidishwa kwa 2^18. Kigawo cha katikati ni karibu 0.26, kwa hiyo kinatoka kama 68,000 na kinaingia vizuri. Ukijaribu 2^19 kitazidi 131,071 na kugeuka hasi. Ukishakadiria vigawo, *chora mwitikio tena* kwa vile vilivyokadiriwa. Kichujio kilichoahidi dB 80 kwenye namba za desimali kinaweza kutoa 65 kikibanwa kwenye biti 12, na hiyo ndiyo sababu hatukutumia 12.

Sasa gharama. Kuna mizunguko 128 ya saa kwa kila sampuli inayotoka. Vigawo 111 vina ulinganifu, kwa hiyo jumlisha kwanza sampuli mbili zinazotumia kigawo kimoja: mizidisho 56 kwa I na 56 kwa Q, jumla 112. Kizidishi kimoja kinatosha kwa zote mbili na mizunguko 16 inabaki ya kujaza na kumwaga bomba la rejista. Kikomo cha juu ni 127, lakini hapo hubakiwi na mzunguko hata mmoja.

Biti: sampuli 20 zikijumlishwa mbili ni 21, mara 18 ni 39, na mijumlisho 56 inaongeza 6. Kikusanyi cha biti 45 hakifuriki kwa vyovyote. Vizidishi vya biti 25 kwa 18 vya FPGA za mfululizo wa 7 za Xilinx, vyenye kijumlishi cha mbele na kikusanyi cha biti 48, vinabeba hili moja kwa moja. Mwishoni tupa biti 18 kwa kukadiria. Hapa ndipo mahali pekee pa kuweka kibano cha kikomo, kwa sababu FIR hupitiliza kidogo ishara inaporuka ghafla.

Hatua ya 7: Linganisha biti kwa biti

Andika DDC nzima kwenye Python kwa namba kamili tu, ukiiga kila upana na kila ukadiriaji. Tahadhari: int64 ya NumPy haizunguki kwenye biti 48 yenyewe; inakupasa ubakize biti 48 za chini na kurudisha alama kila baada ya kulimbikiza.

Lisha kiigizaji na Python faili moja ya sampuli. Tofauti inayokubalika ni sifuri. Tofauti ya biti moja hapa na pale si jambo dogo: ni ukadiriaji uliokosewa, na utaujua baadaye kwa gharama kubwa zaidi. Tumia sampuli moja ya juu kati ya sifuri nyingi, kisha thamani isiyobadilika, kisha −8192 mfululizo, kisha kelele, kisha toni.

Kwa toni ya 15.05 MHz yenye −1 dBFS (dB 1 chini ya kipimo kamili cha ADC), NCO ikiwa 15 MHz, tarajia toni moja kwenye +50 kHz yenye kimo cha karibu 233,600 baada ya FIR. Mamia machache juu au chini si kosa. Toni ya 14.95 MHz itokee −50 kHz.

Hatua ya 8: Kwenye bodi

1. Washa kwanza mchoro wa majaribio uliomo ndani ya ADC, kama ngazi inayopanda moja moja. Ukiona namba zinaruka, shida ni muda wa kusoma pini. Geuza ukingo wa saa unaosomea au rekebisha ucheleweshaji wa pini.
2. Unganisha jenereta kupitia atenueta, anza na nguvu ndogo, panda hadi −1 dBFS.
3. Chukua sampuli 4,096 za kutoka, tumia dirisha la Blackman-Harris, chora spektra.
4. Data ikitoka kwenda kwenye saa nyingine, ipitishe kwenye FIFO (foleni ya kumbukumbu) yenye viashiria vya msimbo wa Gray, ambamo biti moja tu hubadilika kila hatua. Kusoma basi la biti 20 moja kwa moja kutoka saa nyingine hufanya kazi mezani na kuharibika kwa mteja.

Hitilafu na pa kuangalia

*Wimbi dogo linaruka kutoka dari hadi sakafu.* ADC inatoa namba zenye ofseti nawe unazisoma kama komplementi ya mbili. Geuza biti ya juu kabisa.

*Toni iko upande usio wake.* Alama ya Q imesahaulika, au I na Q zimebadilishana waya. Kama vyote viko sawa, angalia ishara yenyewe: kitu kinachoingia kutoka 46.44 MHz hufika kikiwa kimegeuzwa.

*Mwiba katikati kabisa ya spektra.* Usilaumu ofseti ya ADC, imeshahamishwa −15 MHz. Tafuta mahali ulipokata biti bila kukadiria, kwa kawaida mara baada ya kizidishi au mwisho wa CIC.

*Miiba isiyojulikana inakotoka.* Sogeza NCO kwa kHz 10 bila kugusa jenereta. Mwiba unaohama kHz 10 sambamba na ishara uliingia kabla ya kuzidisha: ADC, bodi, au hewani. Usiohama umezaliwa baada ya kuzidisha. Unaoruka umbali usioeleweka, au kutoweka, ni wa NCO; rudi kwenye biti za awamu.

*Kelele inapanda kuzunguka ishara kubwa.* Punguza jenereta kwa dB 10. Kelele ikishuka nayo dB 10, ni mtikisiko wa saa, ya ADC au ya jenereta yenyewe. Badilisha oseleta kwanza, maana ndiyo rahisi kubadilisha.

*CIC inatoa fujo pale tu ishara inapokuwa kubwa.* Ama upana haujafika 48, ama kuna kibano kimejificha, au alama ya ingizo haikurefushwa. Lisha −8192 mfululizo ukizima NCO kwa neno 0: kosaini inabaki 32767 na jibu la CIC, likitulia, linajulikana hadi biti ya mwisho, −524,272. Namba nyingine yoyote inakuambia tatizo liko kabla ya FIR.

*Kingo za chaneli ziko chini kwa dB 0.8.* Vigawo vya FIR ni vya kichujio cha kawaida, siyo cha kusawazisha. Kama ziko juu, CIC yako ina hatua chache kuliko unavyodhani.

*Sampuli zinapotea kila baada ya muda.* Hesabu ishara za ruhusa kwa sekunde moja: ziwe 480,000 kamili. Zikiwa kamili, FIFO inafurika upande wa msomaji. Zikipungua, FIR haimalizi kazi ndani ya mizunguko 128, na sampuli mpya inaingia ikiwa bado inazidisha.